Kuchagua bastola ndogo ya mfukoni: mwongozo kwa wenye leseni wa Mwanza na kando ya ziwa

Wakuu, hii nawaandikia wale ambao tayari wana leseni au wako kwenye mchakato wa kuiomba. Nawafikiria zaidi watu wa pesa taslimu hapa Mwanza, wanunuzi wa dagaa na mabondo pale Mwaloni Kirumba, wanaotoka Geita na hela ya dhahabu, wenye sheli, mawakala wakubwa wa miamala wanaofunga usiku Buzuruga na Igoma. Wengi wakifika dukani macho yanakimbilia kile kidude kidogo kuliko vyote kwenye kioo, wanakishika, kinaingia kiganjani, kinaingia mfukoni, basi wanalipa. Shida inakuja wakienda kukipiga, kinaruka mkononi, risasi zinaenda kila mahali isipokuwa kwenye shabaha, na wengine hata kukikoki wanahangaika.

Bastola ikizidi udogo inazidi ugumu wa kutumia, shika hilo kwanza. Mwenye mikono yenye nguvu na mazoezi ndo anaweza kuimudu ile ndogo kabisa, anayeanza anahitaji iliyo kubwa kidogo. Kwa hiyo utaratibu ninaoushauri ni huu: karatasi, mfuko, mkono, risasi, jina la kampuni lije mwisho kabisa.

Hatua ya 1: karatasi kabla ya hela

Silaha za raia Tanzania ziko chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, serikali ya mtaa na kata wanaokujua, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, yanapita polisi mpaka kwa msajili wa silaha. Utaulizwa sababu, tabia yako itachunguzwa, na utatakiwa uthibitishe kwamba unajua kuitumia. Usilipe bastola kwanza ukitegemea kibali kitakuja, sababu leseni inafungwa na silaha yenyewe, namba yake na kaliba yake, yaani saizi ya risasi inayopiga, ukibadilisha mawazo njiani unaanza kuzunguka upya na mafaili. Na ikishakuwa yako ni yako peke yako, hakuna kumwazima shemeji anayesafiri usiku.

Masharti yaliyoandikwa kwenye leseni yako yasome yote, na pale kituoni uliza waziwazi unaruhusiwa kuibeba wapi na kwa namna gani. Uwanja wa ndege, benki, mahakamani, mikutanoni, kila sehemu ina utaratibu wake, bora uujue ukiwa umekaa ofisini kuliko kuujua ukiwa umezungukwa na walinzi getini.

Kuna vijana watakufuata kijiweni na bei ya kutupa, eti mzee mzigo huu hapa karatasi tutatengeneza. Usiiguse hata kwa kuangalia tu. Hujui imefanya nini kabla ya kufika hapo na ukikutwa nayo historia yake yote inakuwa yako. Pia zipo zile bastola za mlio, za kuanzishia mbio, watu wanatoboa mtutu ili zitoe risasi ya kweli, chuma chake hakikutengenezwa kuhimili msukumo ule, zinapasuka mkononi.

Hatua ya 2: mfuko wako, nguo zako, kazi yako

Hapa ndo watu hawapatilii mkazo kabisa na ndo pa kukaa muda mrefu. Mwanza hatuvai makoti. Jua la saa nane pale Makoroboi unavaa shati jepesi na suruali ya kitambaa, kila kitu kinachotuna mfukoni kinaonekana. Kwa hiyo kabla ya duka, tafuta boksi la kawaida, kata umbo la bastola kwa vipimo halisi, bandika matabaka kwa gundi mpaka upate unene wake. Nawapa vipimo viwili vya kuanzia. Ruger LCP, ambayo ni mfano mzuri wa bastola ya mfukoni hasa, ina urefu wa kama sentimita 13, kimo sentimita 9, unene sentimita 2. SIG P365, ambayo ni mfano wa ile inayofuata kwa ukubwa, ni kama sentimita 14.7 kwa urefu, karibu 11 kwa kimo na unene wa sentimita 2.5 hivi. Kwenye karatasi tofauti inaonekana ndogo, mfukoni ni mambo mawili tofauti kabisa.

Halafu uzito. LCP bila risasi ni kama gramu 270, P365 ni kama gramu 500. Chukua mfuko wa plastiki, pima robo ya sukari kwa ile ndogo na nusu kilo kwa ile kubwa, funga na boksi lako, tia mfukoni ushinde nacho. Usikae nacho sebuleni, nenda nacho kazini. Panda daladala ya Igoma ikiwa imejaa, panda bodaboda, vuka na kivuko cha Kamanga, inama kwenye mizani ya samaki, kama unaswali swali nacho. Utaona vitu ambavyo muuzaji hawezi kukwambia. Ukikaa kwenye bodaboda suruali inabana pajani, mpini unasukumwa juu unachungulia nje ya mfuko, na hapo hapo mkono wako hauwezi kuingia mfukoni hata ukitaka. Suruali ya kitambaa chepesi inavutwa upande mmoja mpaka mkanda unashuka. Jinsi za kubana zinachora umbo lote, mtoto wa darasa la pili ataliona.

Ukigundua mfuko haukubali hata ile ndogo, sio lazima ulazimishe mfuko. Bastola nyembamba ikikaa kiunoni ndani ya suruali kwenye holsta yake, yaani ala ya kuibebea, na mkanda mgumu inajificha vizuri zaidi ya ndogo inayoning'inia mfukoni, na unaifikia hata ukiwa umekaa kwenye gari.

Akina mama wafanyabiashara, najua wengi wanafikiria pochi. Sishauri. Pochi ndo kitu cha kwanza kuporwa na vijana wa pikipiki, na ikienda na pochi umempa mwizi silaha. Tena pochi unaiweka juu ya meza, watoto wanaifungua kutafuta hela ya ubuyu. Ibaki mwilini, na kama vazi la siku hiyo ni gauni au kitenge bila sehemu imara ya kuikalisha, siku hiyo ibaki kwenye sefu.

Hatua ya 3: mkono

Dukani omba muuzaji atoe magazini, kile kikasha cha risasi, avute nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya kukokia, akuonyeshe chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, iko tupu, na wewe ukipewa angalia tena mwenyewe kwa macho na kwa ncha ya kidole. Hata kama umemwona akifanya sasa hivi. Muuzaji makini hatachukia, ataona unajua.

Sasa shika kama unavyoshika kweli. Angalia kidole cha mwisho kinakaa wapi. Kwenye bastola ndogo sana kinaning'inia hewani chini ya mpini, kwa hiyo unashika kwa vidole viwili tu na ikipiga inageuka mkononi. Kuna magazini zenye kijitako kirefu chini kinachosaidia kidole kukaa, ila kimo kinaongezeka, kwa hiyo rudi kwenye boksi lako upime tena.

Vuta slaidi. Vuta mara kadhaa mfululizo, mikono ikiwa imelowa jasho kidogo, ndo hali utakayokuwa nayo. Watu wanadhani ndogo ni nyepesi kuvuta, mara nyingi ni kinyume. Ziko bastola za mfumo wa zamani ambazo slaidi inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, mfano Walther PPK ya mwaka 1931, kwa hiyo springi inafanywa ngumu na teke lake kiganjani linakuwa kali kuliko unavyotegemea kwa risasi ile. Nyingine mtutu na slaidi vinafungana kwanza na kuachana baada ya risasi kutoka, kama Glock 42 na hiyo LCP, springi inaweza kuwa laini na teke linapungua. Kaliba moja, ukubwa unaokaribiana, lakini mama wa miaka 55 ataikoki Glock 42 vizuri na PPK ikamshinda. Muulize muuzaji mfumo wake, akishindwa kukujibu mikono yako itakujibu.

Triga nayo, ile ya kufyatulia. Kidole kifike katikati ya triga kwa pedi ya ncha, kisizidi wala kisipungue. Triga ndefu na nzito ni salama zaidi mfukoni ila inavuta mtutu pembeni unapopiga, triga nyepesi inalenga vizuri ila haisamehe uzembe. Kwa bastola ya kukaa mfukoni kwenye paja lako mwenyewe mimi nachagua nzito kidogo, bila kusita.

Mwisho saiti, yaani alama za kulengea. Kwenye hizi ndogo saiti zenyewe ni vijinundu viwili vya chuma, kwenye mwanga hafifu huzioni. Inua elekeza ukutani sehemu ambayo muuzaji amekuruhusu, macho yakishindwa kuzipata haraka ndani ya duka lenye taa, usiku pale Mabatini hutazipata kabisa.

Hatua ya 4: kaliba, na hapa tuwe makini sana

Kaliba utakazokutana nazo kwenye ndogo ni .25, .32, .380 na 9mm, na kwenye rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, .38 Special. Zile .25 na .32 ni za mwanzoni mwa karne iliyopita na nyuma yake, .32 ilikuja mwaka 1899, .25 mwaka 1905, teke lake dogo ila nguvu yake ndogo pia, ningezichukulia pale tu ambapo mkono umekataa kabisa zile nyingine. Ile .380 ya mwaka 1908 ndo watu wengi wa bastola za mfukoni wanaishia hapo. 9mm kamili ina nguvu zaidi, ila ikiwekwa kwenye kibastola cha nusu kilo inapiga teke la haja, na risasi ya pili inachelewa kurudi kwenye shabaha.

Sasa sikilizeni. Neno 9mm peke yake halitoshi. Kuna 9x19 (namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita), ambayo ndo inaitwa Parabellum au Luger. Kuna 9x18, ya Makarov. Na kuna 9x17, ambayo ni ile ile .380 na kwenye boksi inaweza kuandikwa 9mm Kurz au 9mm Browning Short. Zote tatu zinaitwa tisa, kwa macho zinafanana, na haziingiliani. Ukimtuma dogo dukani akalete risasi za tisa unaweza kubaki na boksi ambalo silaha yako hailipigi, au mbaya zaidi linaingia kwa kulazimisha. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, linganisha na leseni, linganisha na kitako cha risasi yenyewe, herufi kwa herufi.

Na kabla ya kuamua kaliba ulizia risasi zake zinapatikana hapa hapa Mwanza mara kwa mara na kwa bei gani. Hili linazidi kila mjadala wa nguvu. Bastola ambayo risasi zake mpaka uagize Dar utaipigia mazoezi mara moja halafu basi, na bastola usiyoifanyia mazoezi ni hatari kwako na kwa jirani. Mwenye .380 anayepiga mazoezi kila baada ya muda mfupi namwamini kuliko mwenye 9mm ambaye boksi lake la kwanza halijaisha tangu anunue.

Hatua ya 5: isilipuke mfukoni

Mfuko wa bastola ni wa bastola tu. Hakuna funguo, hakuna sarafu, hakuna kalamu, hakuna vocha. Ufunguo mmoja ukiingia kwenye triga na wewe ukainama, risasi inaingia pajani, na pale kwenye paja pana mshipa mkubwa wa damu unaoweza kumaliza mtu kwa dakika chache. Holsta ya mfukoni ni lazima, hata kama bastola inatosha bila holsta. Iwe inafunika triga yote, iwe ngumu kiasi kwamba huwezi kuiminya triga ukiwa nje, na ibaki mfukoni unapochomoa, isitoke na bastola. Fundi viatu wa kawaida anaweza kukushonea ya ngozi nzuri, ila mwambie ngozi iwe nene isiyolegea, ngozi ikishalainika ikikunja inaweza kuingia kwenye triga yenyewe. Ikilainika itupe.

Kuhusu sefti ya kidole, ile swichi ya kuzuia isifyatuke, zipo zenye nayo na zisizo nayo. Ukichukua yenye sefti fanya mazoezi ya kuitoa kila mara unapochomoa, iwe mkono unafanya wenyewe. Ukichukua isiyo na sefti basi holsta ndo sefti yako. Na swali la kutembea na risasi kwenye chemba, jibu langu ni kwamba kama bado hujapata mafunzo ya kutosha tembea na chemba tupu, usisikilize wanaokucheka. Bastola za zamani ambazo hujui kama zikianguka zinaweza kufyatuka, hizo chemba iwe tupu hata kwa mzoefu.

Hatua ya 6: sasa majina

Nataja kama mifano ya aina, sababu kinachopatikana madukani kinabadilika.

Ndogo kabisa za mfukoni: Ruger LCP ya .380 iliyotoka mwaka 2008, magazini yake risasi 6. Ni nyepesi sana, inapotea mfukoni, ila teke lake linachoma na saiti zake ni finyu. LCP MAX ya mwaka 2021 iliongezewa risasi mpaka 10 na saiti bora, mwili karibu ule ule. Glock 42, pia .380, risasi 6, ni kubwa kidogo na nzito kidogo, na huo ukubwa kidogo ndo unaifanya ipigike kwa raha. Kwa anayeanza na kwa mwenye mikono dhaifu mimi hii ndo naiona chaguo la kwanza kati ya ndogo.

Za katikati ni 9mm nyembamba, Glock 43 ya mwaka 2015 yenye risasi 6 na SIG P365 ya mwaka 2018 yenye 10. Mfuko mpana wa suruali unaweza kuzibeba, kiunoni ndo nyumbani kwake.

Halafu rivolva ndogo za risasi 5 kama Smith & Wesson 642. Hainasi mfukoni kwa sababu nyundo yake imefichwa ndani, haina slaidi ya kuvuta, ukifungua silinda unaona imejaa au haijajaa. Ila triga ni nzito kweli, duara la silinda linachora mfukoni, na kwa uzito wake wa gramu 425 hivi .38 inagonga kiganja. Kwa mtu asiyeweza slaidi lakini ana vidole vyenye nguvu inafaa.

Ukinunua iliyotumika, na nyingi zinazouzwa hapa zimetumika, nenda na fundi silaha anayetambulika. Aangalie ndani ya mtutu kwa mwanga, springi, midomo ya magazini kama imepinda, na kama namba zote zinalingana na karatasi. Magazini ya ziada ulizia siku hiyo hiyo, bastola nyingi za zamani zinakufa kwa kukosa magazini tu.

Hatua ya 7: ipige kabla ya kuiamini

Nenda kiwanja cha shabaha chenye kibali ukiwa na msimamizi. Kama ulipita JKT umezoea bunduki ndefu, elewa kwamba bastola yenye mtutu wa sentimita 7 ni kitu kingine, usijipe cheo. Anza mita 3, ukiweza kuweka zote ndani ya sahani rudi mita 5, halafu 7. Piga risasi 50 mpaka 100 bila kukwama, na zile utakazotembea nazo lazima nazo uzipige, sio za mazoezi tu, sababu kuna bastola zinakula risasi ya kichwa cha mviringo vizuri na kukwama kwenye zile zenye kichwa kilichotobolewa ili kipanuke kikigonga. Kwenye .380 yenye mtutu mfupi hizo za kutobolewa mara nyingine hazipanuki kabisa au hazifiki ndani vya kutosha, kwa hiyo usilipe bei mara tatu kwa ajili ya picha ya kwenye boksi.

Usiende kujaribia milimani. Hili nalisema kwa uchungu maana watu wanadhani Mwanza ina sehemu za wazi nyingi. Mawe yetu ni graniti, risasi ikigonga jiwe hairudi chini, inateleza na kwenda pembeni, na juu ya mawe hayo pale Bugarika, Igogo, Mabatini kuna nyumba za watu mpaka kileleni. Ziwani vile vile, risasi ikipiga maji kwa pembe ndogo inaruka na kuendelea, na mitumbwi ya dagaa iko huko. Na mabati au mbao za vibanda vya sokoni hazizuii risasi yoyote niliyoitaja hapa. Pale Mwaloni asubuhi nyuma ya jambazi mmoja kuna akina mama ishirini na ndoo kichwani. Kama hela ndo anayoitaka na njia ya kuondoka ipo, mwachie hela.

Hatua ya 8: jasho, na nyumbani

Bastola ya mfukoni inakula jasho siku nzima na joto letu la kando ya ziwa lina unyevu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua chukua ya chuma kisichoshika kutu au yenye rangi ngumu ya kisasa, zile nyeusi za kupakwa kizamani zinaanza madoa ya kahawia upande unaogusa mwili. Kila jioni itoe kwenye holsta, toa magazini, kagua chemba, ifute kwa kitambaa kikavu halafu chenye mafuta kidogo ya silaha. Kidogo tu, mafuta mengi yanakusanya vumbi na nyuzi za mfuko mpaka zinafanya ugoro ndani ya triga. Isilale kwenye holsta ya ngozi, ngozi inatunza jasho.

Halafu iingie kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Juu ya kabati sio sefu, chini ya godoro sio sefu, droo ya duka sio sefu, na gari lililopaki nje ya baa ndo kabisa. Ukijua leo utakunywa, isitoke nyumbani. Ikipotea au ikiibwa nenda kituoni saa ile ile na namba yake, usisubiri kutafuta mwenyewe kwanza, kila saa inayopita ikiwa mikononi mwa mwingine jina linaloonekana kwenye rejista ni la kwako.

Risasi za kutembelea nazo zibadilishe, jasho linapenya taratibu, na ile moja inayoingia na kutoka kwenye chemba kila siku kichwa chake kinasukumwa ndani kidogo kidogo. Ilinganishe na mpya kwenye meza bapa, ukiona imekuwa fupi itenge, ipeleke kwa fundi silaha au kituoni waiondoe, usiipige.